Rasimu yako uipeleke wapi? Kundi la WhatsApp, hati ya pamoja, ukurasa wa wazi au kikao cha kusomeana

Umemaliza hadithi saa sita usiku. Kurasa tisa. Unajua ina kitu, na unajua pia kuna mahali imelegea, ila macho yameizoea mno hata hupaoni. Unataka mtu aisome. Sasa uitupe kundini, umtumie fulani pembeni, uibandike Facebook, au usubiri kikao cha Jumamosi?

Njia zote nne nimezipita, nyingine kwa kuumia. Nilichokigundua ni kwamba kila mahali pana tabia yake, na tabia hiyo ndiyo inayoamua utaambiwa nini. Hadithi ni ileile, lakini kundini utapewa pongezi, kwenye hati utapewa masahihisho, hadharani utaulizwa mwendelezo uko wapi, na kikaoni utasikia msomaji akiishiwa pumzi katikati ya sentensi yako. Kwa hiyo kabla ya kuuliza uipeleke wapi, jiulize unataka kujua nini.

Kuanika kazi na kujibiwa si jambo geni kwetu. Mambo Leo, gazeti lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa likichapisha mashairi ya wasomaji, na magazetini malenga wamejibizana kwa tungo miaka na miaka. Tofauti ni kwamba wale walipata muda wa kupoa kati ya toleo na toleo. Siku hizi jibu linafika chai bado ina moshi.

Nimezipimaje

Nimetumia vigezo vitano. Cha kwanza ni aina ya maoni: ya jumla, au ya neno kwa neno? Cha pili ni ukweli unasemeka kwa urahisi gani, maana sisi ni watu wa haya, na kumwambia mtu mzima mbele ya wenzake kwamba ukurasa wake wa pili unachosha si kazi ndogo. Cha tatu, usalama wa kazi yenyewe. Cha nne, bando na simu. Cha tano, njia hiyo inamfaa nani. Kasi sikuihesabu. Maoni ya haraka nimeyapata mengi sana, na niliyoyatumia hayajai kiganja.

1. Kundi la WhatsApp

*Maoni.* Kundi moja linabeba hadi watu 1,024, lakini wanaosoma kweli utawahesabu kwa vidole. Ukibandika hadithi ndefu, inakatwa na kuwekewa kitufe cha kusoma zaidi, na wengi wanaishia hapohapo kabla ya kutuma mikono ya kupiga makofi. Niliwahi kupeleka hadithi ya maneno elfu mbili saa tatu na dakika mbili usiku. Saa tatu na dakika tatu nikapata: "Kazi safi sana dada, hongera." Hata mimi niliyeiandika nisingeimaliza kwa dakika moja.

Shairi ni habari nyingine. Tarbia, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, ikiwa ya beti nne inaenea kwenye skrini, na penye malenga wa kweli kosa halipiti. Siku moja niliweka mshororo huu:

Nimekaa peke yangu, nikiwaza ya ulimwengu

Hazikwisha dakika kumi, mzee mmoja wa Pemba, ambaye kila mtu kundini humwamkia kwanza, akaandika: "Malenga, utao wako una mizani tisa. Hebu hesabu kwa vidole." Nikahesabu silabi za utao, yaani kipande cha pili cha mshororo: ni-ki-wa-za-ya-u-li-mwe-ngu. Tisa kweli. Hakunipa dawa, aliniacha niitafute. Nikaweka "nawaza ya ulimwengu", nane zikatimia kama za kipande cha kwanza, na mshororo ukatulia mdomoni.

*Ukweli kusemeka.* Hapa ndipo kundi linapoelemewa. Maoni yanasomwa na wote, wakiwemo unaowaamkia shikamoo na wanaokuamkia wewe. Mkosoaji anaogopa kukuaibisha, wewe unaogopa kuaibika, basi mnakutana kwenye "kongole". Tena maandishi hayana uso. Ile "hebu hesabu kwa vidole" ilinichoma, mpaka mzee alipotuma voisi nikamsikia anacheka. Makundi niliyoyaona yakifanya kazi ni yenye admini mkali: Jumatano ni zamu ya mtu mmoja, kazi moja tu, na mtoa maoni lazima ataje ubeti au aya anayoizungumzia. Tena aujibu ujumbe wenyewe wa kazi, la sivyo maoni yake yatamezwa na tangazo la msiba na picha za "asubuhi njema".

*Usalama.* Ujumbe unaweza kuuhariri ndani ya dakika 15, na hata baada ya siku moja bado unaweza kuufuta kwa wote. Aliyekwisha kuufowadi amekwisha kuufowadi. Isitoshe, namba yako ya simu inaonekana kwa wanakundi, na kwa dada zetu jambo hilo lina uzito wake. Nimewajua wawili waliojitoa kundini kwa sababu ya waliokuwa wakiwafuata inboksi, wala si kwa ajili ya ushairi.

*Bando na simu.* Nafuu kuliko zote nne. Simu yoyote janja inatosha.

*Inamfaa* mtunzi wa mashairi, mwandishi wa visa vya aya tatu nne, na yeyote anayetaka kwanza kuzoea kusomwa. Mwenye riwaya atatoka amebeba makofi tu.

2. Hati ya pamoja na wasomaji wawili watatu

Nazungumzia Google Docs, maana ndiyo niliyoitumia. Unawachagua watu wawili au watatu, unawatumia linki, nao wanakutumia zao. Nisome nikusome.

*Maoni.* Yanakaa pembeni mwa sentensi yenyewe, na hilo peke yake linabadilisha mambo. Msomaji hawezi kukwepa kwa "nzuri sana", kwa sababu ni lazima abonyeze mahali fulani. Mmoja wa wasomaji wangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliniandikia hivi: "Aya ya kwanza bibi yuko jikoni anapeta mchele. Aya ya nne yuko kisimani. Katoka saa ngapi?" Hadithi ile nilikuwa nimeisoma mara zisizopungua ishirini, na sikuwahi kuona kwamba bibi alipaa. Mahali pengine aliandika: "Macho kujaa machozi umeyaleta mara tatu. Ya kwanza yameniuma. Ya tatu sikuyasikia."

Maoni ya namna hii ni ya thamani kwa sababu hayatoi amri. Yanasimulia yaliyompata msomaji, na mwandishi ndiye anayeamua afanye nini.

Ubaya wake, hati huvuta jicho kwenye vitu vidogo. Mtu anahangaika na herufi kubwa na koma ukurasa mzima, kisha anafunga akiamini amekusaidia, na ule mwisho wa hadithi usioshikika hajaugusa. Siku hizi juu kabisa ya hati naandika kwa herufi nene: "Tahajia niachieni. Niambieni mlichoka wapi."

Kuna na suala la lahaja. Mhusika wangu mmoja ni wa Mombasa, na anauliza "Yuwapi?" Msomaji wa bara akambadilishia: "Yuko wapi?" Kisarufi hakukosea, lakini alimhamisha yule mama kutoka Mji wa Kale bila hata kumfungia mizigo. Mapendekezo ya aina hiyo, kama msomaji yuko kwenye hali ya kupendekeza, yanatokea kwa rangi nawe unakubali au unakataa moja moja.

*Ukweli kusemeka.* Kwa urahisi, maana mko wachache na hakuna baraza. Ila kuna deni. Mwenzako akikusomea kurasa tisa, una kurasa tisa zake za kusoma, na hapo ndipo urafiki mwingi wa kalamu unapovunjikia. Mimi mwenyewe nina hati ya mtu tangu mwezi wa Ramadhani, na kila nikiliona jina lake naona haya.

*Usalama.* Uko mikononi mwako, ukijua unachobonyeza. Ruhusa ni tatu: kusoma tu, kutoa maoni, na kuhariri. Mara ya kwanza mimi niliwapa wote ruhusa ya kuhariri, na asubuhi nikakuta aya mbili hazipo. Historia ya matoleo ndiyo iliyonirudishia. Tangu hapo natoa ya maoni peke yake, tena kwa barua pepe za watu ninaowajua, si kwa "yeyote mwenye linki". Upakuaji na kukopi unaweza kuvizuia kwa wasiohariri, ingawa skrinishoti haina mlinzi.

*Bando na simu.* Bando linalotumika si kubwa, shida ni skrini. Kuandika maoni pembeni ya hati kwenye simu ndogo kunachosha vidole, na wapo wasomaji wazuri sana ambao nywila ya barua pepe yao waliisahau siku ileile waliyoifungua. Ukitaka kusoma bila intaneti, iandae hati kabla hujatoka mtandaoni.

*Inamfaa* mwenye hadithi ndefu, insha au sura ya riwaya iliyopita angalau rasimu ya pili. Ya kwanza kabisa usiilete hapa. Itakatwakatwa kabla haijajua inataka kuwa nini.

3. Ukurasa wa wazi: Facebook na Wattpad

*Maoni.* Unazijua simulizi zile: SEHEMU YA KWANZA, kisha ITAENDELEA. Chini yake watu mia wamejaa: "Lete mwendelezo", "Nitag", "Jamani mbona umekatia patamu". Wasomi wanayacheka maoni haya, mimi siyachekei. Yanakupa kitu ambacho hati haikupi, yaani mahali hasa mtu asiyekujua aliponaswa. Na ukimya nao unasema. Sehemu ya tano ikipata maoni tisini na ya sita ikapata kumi na mbili, hakuna haja ya mhakiki. Kuna kilichokufa kati ya hapo.

Wattpad, mtandao wa kubandika na kusoma hadithi ulioanzishwa Toronto mwaka 2006, unamruhusu msomaji kuacha maoni kwenye aya moja moja, kwa hiyo unaona hasa mstari gani ulimchekesha. Kwangu wasomaji wa Kiswahili huko walikuja kwa matone, wakati Facebook waliingia kwa fujo.

Usitegemee kuambiwa kwa nini kitu hakifanyi kazi. Na jihadhari na shinikizo. Sehemu ya nane watu waliniomba nisimuue kijana mmoja muuza kahawa, nami nikamwacha hai kwa kupenda kupendwa. Hadithi ikawa na mtu asiye na kazi mpaka mwisho, anapitapita tu na birika.

*Ukweli kusemeka.* Wageni hawana haya nawe. Wengine ukweli wao ni matusi, na hao utajifunza kuwafuta bila kuwajibu.

*Usalama.* Hapa ndipo pabovu kuliko kote. Kazi inakopiwa jina likiwa limeng'olewa, au unaisikia inasomwa kwenye chaneli ya YouTube kwa sauti ya mtu usiyemjua, tena kwa mahadhi mazuri. Hakimiliki ni yako tangu ulipoiandika, na kuisajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, hukupa ushahidi wa kushika mkononi, lakini mbio za kumfuata mwizi utazipiga mwenyewe. La pili wengi hulijua wakiwa wamechelewa: zipo tuzo na wachapishaji wanaotaka mswada ambao haujatoka popote, na kuuweka hadharani mtandaoni kunaweza kuhesabiwa ni kuuchapisha. Soma masharti kabla ya kubandika sehemu ya kwanza.

*Bando na simu.* Gharama kubwa ni muda wako. Wasomaji hawa wakizoea kila jioni, ukikosa siku mbili watakuuliza kama umefiwa. Wapo wanaotoa sehemu za mwanzo bure na kuuza zilizobaki WhatsApp kwa kutumiwa pesa kwa simu. Ni halali yao, ila ukifika hapo ujue umeshafungua duka, na mteja hana kazi ya kukurekebishia rasimu.

*Inamfaa* mwenye hadithi ya matukio ya mfululizo, asiyewaza tuzo kwa kazi hiyo, na mwenye ngozi ngumu.

4. Kikao cha kusomeana

Watu wanne hadi sita, Google Meet au Zoom, kila mtu na maji yake. Bila kulipia, Zoom inakata kikao baada ya dakika 40, na Meet baada ya 60 mkizidi wawili. Zinatosha kwa kazi mbili fupi. Tatizo letu kubwa halikuwa dakika, lilikuwa saa. Saa tatu usiku ya Dar na Nairobi ni saa mbili Bujumbura na saa nne Muscat, na mwenzetu aliyekulia Uingereza aliandikiwa "saa 3" akaingia alasiri, akakaa peke yake akisubiri.

*Maoni.* Kuna jambo moja naliona ni la thamani kuliko yote katika njia hii: mpe mwingine aisome kazi yako kwa sauti. Wewe ukiisoma utaiokoa, maana unajua pa kuvuta pumzi. Mwingine hajui. Nilikuwa na sentensi iliyoanza hivi: "Yule mzee ambaye nyumba yake ambayo aliijenga baada ya msiba ambao..." Msomaji akasimama, akacheka: "Dada, naomba nipumzike kidogo." Hakuna aliyehitaji kuongeza neno. Kwa mazungumzo ya wahusika pia sikio halidanganyiki. Kijana wa kijiweni akiongea kama taarifa ya habari, wote mtaangua kicheko.

Kisichofanyika vizuri hapa ni muundo wa kazi ndefu. Hakuna anayeweza kusikiliza sura ya kumi na moja peke yake akajua kama inakaa vyema na ya pili.

*Ukweli kusemeka.* Sauti hulainisha. "Samahani kidogo" ya mdomo haifanani na ya kuandikwa. Ugonjwa wa kikao ni mwingine: mkubwa akianza kusema, wote waliobaki ni "kama alivyosema mwalimu". Sisi tulibadilisha, mdogo kuliko wote ndiye anayeanza, na mwandishi hafungui mdomo kujitetea mpaka zamu yake ifike.

Mcheza dansi wa Marekani, Liz Lerman, alianza mwaka 1990 kuunda utaratibu wa hatua nne unaokubaliana vizuri ajabu na adabu zetu. Kwanza wasikilizaji wanasema kilichowagusa. Pili, mwenye kazi anauliza maswali yake. Tatu, wasikilizaji wanauliza maswali yasiyoficha hukumu ndani: "Kwa nini umemaliza haraka hivi?" ni hukumu iliyovaa kanzu ya swali, lakini "Ulitaka tubaki na nini mwishoni?" ni swali. Nne ndipo maoni, tena kwa kuomba ruhusa: "Nina neno kuhusu mwisho, uko tayari?" Mwenye kazi anaweza kusema hapana. Katika miaka yetu miwili amesema hapana mtu mmoja tu, na alikuwa na haki, maana hadithi ilikuwa ya mama yake.

*Usalama.* Mzuri, maana hakuna nakala inayobaki, ili mradi hakuna anayerekodi. Kubalianeni hilo mwanzoni.

*Bando na simu.* Zimeni video, msikilizane. Umeme ukikatika kwa msomaji, mwingine apokee, kwa hiyo andiko liwe kwa watu wawili.

*Inamfaa* mtunzi wa shairi la kughanwa, tamthilia, hadithi fupi isiyozidi dakika kumi, na mtu ambaye maoni ya maandishi yanamkosesha usingizi.

Kwa hali yako

Rasimu ikiwa mbichi, jana tu umeiandika, usiwape wengi. Msomee mtu mmoja kwa simu, umwombe akusimulie alichokisikia. Akikusimulia hadithi tofauti na uliyoiandika, umeshapata kazi ya wiki nzima.

Ukiwa na tarbia, au takhmisa ya mishororo mitano kila ubeti, na wasiwasi wako ni vina na mizani, kundi la malenga linatosha, na litakujibu kabla ya Isha.

Unalenga tuzo au mchapishaji? Hati ya pamoja na watu wawili, ruhusa ya maoni tu, kisha kikao kimoja kwa sura ya kwanza. Hadharani usiende.

Unajua hadithi yako inasimama, ila hujui kama mgeni ataifuata mpaka mwisho? Bandika sehemu tatu Facebook, ukiwa umeshaiandika yote mpaka mwisho ili wasomaji wasikuandikie, na uhesabu waliorudi kwenye sehemu ya tatu.

Kama maoni ya mtu yaliwahi kukuvunja hadi ukaweka kalamu chini miezi, anza na kikao, na uombe hatua ile ya kwanza peke yake kwa mara mbili tatu.

Anayeandikia simu ndogo yenye bando la siku, kundi na voisi vitamfaa kuliko hati. Mwombe msomaji akurekodie dakika mbili, akitaja aya anayoizungumzia.

Na kama huna kundi, huna msomaji, wala hujui uanzie wapi, tafuta kazi ya mwingine iliyoachwa bila maoni. Isome mara mbili. Mwandikie mambo matatu: sentensi moja uliyoikumbuka baada ya kufunga simu, mahali pamoja ulipopotea, na swali moja. Subiri siku mbili. Kisha mtumie hadithi yako ya kurasa tisa, umwambie kabisa ni tisa.